Shilingi ya Waziri Kwenye Pindo la Kanga

Salha mwanangu,

Barua za heshima huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umelala chumba cha pili, mabegi yako yamefungwa, na unakoroma kama baba yako, ingawa wote wawili huwa mnakataa. Yangu si nzuri. Tangu alasiri, watu walipomaliza kukusomea dua ya safari na kutawanyika, nimekuwa nikizunguka humu ndani nikishika hiki na kuacha kile, mpaka baba yako akaniambia nikae chini kabla sijavunja vyombo.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha wala za kuchagua marafiki. Umekuwa mwalimu, umepangiwa shule yako huko Katavi, na mengi ya namna hiyo uliyajua kabla sijapata nafasi ya kukufundisha. Nakuandikia habari ya ile shilingi.

Unajua ni ipi. Leo uliinyanyua mbele ya ukumbi mzima wa ndugu na majirani, ukasema utaitundika ukutani darasani, na kwamba siku ya kwanza ya somo la Uraia na Maadili utawaambia wanafunzi wako, "Mama yangu aliwahi kumshika Waziri shilingi." Watu wakapiga makofi. Shangazi yako akapiga kigelegele. Mimi nikainuka nikasema naenda kutazama maharage jikoni, na maharage yalikuwa yameshapakuliwa zamani.

Shilingi ile si ya Waziri. Imetoka kwenye kopo la vifungo la bibi yako mzaa baba. Nimeliandika hilo mapema, nisije nikalizunguka mpaka kukuche.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Soma mpaka mwisho, halafu kasirika.

Ulikuwa bado shule ya msingi nilipoanza kuitwa Mheshimiwa. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa kawaida hapa Mlalo, wa chaki na kelele nyingi. Akina mama wakanisukuma nigombee viti maalum, nikapata. Baba yako akabaki na ninyi na shamba la viazi, na kusema kweli mwaka ule viazi vilistawi kuliko nilipokuwepo. Nilikwenda Dodoma na jambo moja tu kichwani, na jambo hilo lilikuwa Kwengoto.

Wewe Kwengoto unakujua kama mahali pa kwenda kuokota kuni ukitaka kututoroka. Mimi nakujua kwa shule yake. Wazazi wa kule juu walibeba mawe na matofali vichwani wakajenga madarasa mawili, ili watoto wadogo wasishuke mlima. Serikali ikaiita shule shikizi, maana yake imeshikizwa kwenye shule mama huku chini, kama kifungo kilichoshikizwa kwa uzi mmoja. Watoto walisoma pale mpaka darasa la pili. Wakiingia la tatu, wanashuka. Njia inapita msituni, inavuka kijito kwenye gogo, na masika kijito kile kinaacha kuwa kijito. Unamkumbuka Tunu, mjukuu wa Bibi Mwanaidi, uliyekaa naye dawati moja? Alikuwa akifika amelowa mpaka kiunoni, na baba yako alikuwa akimkaushia sketi kwenye moto wa jikoni huku yeye amejifunga kanga yangu.

Kwa nini isisajiliwe ikawa shule kamili? Hapo ndipo nilipojifunza sheria. Sheria ya Elimu, ile inayopitishwa na Bunge, inataka shule isajiliwe, basi. Kwamba shule iwe na eneo kubwa kiasi gani na uwanja wa namna gani, hayo yamo kwenye masharti yanayoandikwa wizarani, wala hatukuyapigia kura sisi. Aliyeyaandika bila shaka alikuwa amekaa mahali tambarare. Alidai ekari nyingi na uwanja wa michezo, kwa kila shule, iwe ya pwani au ya mlimani. Kwengoto, kiazi kikikuponyoka mkononi unakifuata mpaka kwa jirani. Uwanja watautoa wapi? Basi shule ikabaki kuwa shikizi, haina mwalimu wake wa kupangiwa, na kila kilichotolewa kikawa kinapitia shule mama, kikifika juu kimeshapungua.

Wabunge wa kamati inayoshughulikia elimu walikuja kukagua shule za wilaya yetu. Nilikuwa nao kama mwenyeji. Msafara wa magari ulifika mpaka barabara inapoishia, yaani shule mama. Wakaimbiwa, wakakagua vyoo, wakala, wakaandika. Nilitazama njia ya Kwengoto ikipanda nyuma ya jengo, nikataka kusema tupande kwa miguu, nikaangalia viatu vya wageni nikanyamaza. Hiyo ilikuwa aibu yangu ya kwanza, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba sikuihesabu kuwa aibu.

Nikajiambia nitalisema bungeni, wakati wa bajeti.

Naomba hapa uwe mwanafunzi kidogo, maana hili utalifundisha. Siku zangu za mwanzo niliposikia mbunge akitishia kushika shilingi, hata mimi nilidhani kuna sarafu mahali. Hakuna. Wizara inapoleta bajeti yake, kikifika kifungu cha mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika na sera husimama akatoa hoja kwamba mshahara ule upunguzwe shilingi moja mpaka apewe maelezo ya maana. Shilingi moja haimlazi Waziri na njaa. Lakini bajeti yote ya elimu inasimama hapo, walimu na chaki na mabweni, na Waziri lazima ainuke ajibu. Mbunge akiridhika, anasema anairudisha. Akikataa, linaulizwa Bunge zima, wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Yale masharti ambayo hatukuyapigia kura, ule ndio mlango tuliokuwa nao wa kumuulizia aliyeyaandika.

Nilizungumza vizuri jioni ile, Salha. Hilo nalisema bila haya, kwa kuwa ndilo pekee. Nilisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kule kwetu Mungu hakuumba tambarare. Je, watoto wasubiri mpaka mlima usawazishwe?" Nikaeleza gogo, nikaeleza kijito, nikaeleza sketi ya Tunu bila kumtaja jina. Wabunge wakapiga meza. Nikasema sijaridhika na majibu ya Wizara, nashika shilingi. Wakasimama wengi kuniunga mkono, na wa kwanza alikuwa mzee mmoja kutoka milima ya Uluguru, ambaye kwao nako ni kupanda na kushuka kama kwetu. Alisema Wizara ituambie leo lini masharti yatarekebishwa kwa ajili ya shule za milimani. Alisema neno "lini" mara nyingi.

Waziri akainuka kujibu.

Waziri yule alitoka kabila ambalo sisi Washambaa tuna utani nalo tangu enzi za mababu. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua. Hakuanza na masharti. Alianza hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza nimpongeze mtani wangu. Hawa ndugu zetu, kwa kutembea ubavuni mwa mlima tangu utoto, mguu mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine. Tukiwapelekea uwanja tambarare wataanguka wote!" Ukumbi ukacheka. Akangoja kicheko kitulie, akanigeukia, akasema, "Sasa mtani, jambo lako Serikali imelipokea na tutalifanyia kazi. Nirudishie shilingi yangu nikanunulie chumvi."

Na mimi nilicheka.

Unajua tulivyolelewa. Mtani anaweza kuja msibani kwako akalala kaburini kabla ya maiti, akadai apewe kitu ndipo atoke, na atakayenuna ndiye mwenye makosa. Ukitaniwa unacheka, kisha unarudisha utani. Mdomo wangu ulicheka kabla akili haijafika, na akili ilipofika ilikuta mambo yanaendelea vizuri, watu wananitazama kwa upendo, hata wale ambao hawakuwahi kunisalimu. Mwenyekiti akaniuliza kama nimeridhika. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa ni mtani wangu, namrudishia, asije akala mboga isiyo na chumvi." Makofi yaliyolipuka hapo yalikuwa makubwa kuliko yale ya gogo na kijito. Kifungu kikapita. Nikakaa, jirani yangu akanipiga bega, nikajiona mjanja.

Sikuhongwa, mwanangu. Sikutishwa. Nimewaza mara nyingi kwamba ningehongwa ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Nilirudisha shilingi ya watoto wa Kwengoto kwa sababu nilichekeshwa na nikapenda kuchekwa vizuri. Na kilichochekwa mle ukumbini ni miguu yao, ile inayoshuka kwenye gogo. Hilo sikuliona mpaka kesho yake.

Aliyenionyesha ni yule mzee wa Uluguru. Nilimkuta mgahawani anakunywa chai, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia bila kuinua macho. Nikasema kwa uchangamfu kwamba jana tumewasha moto.

"Ulituita tukaja," akasema. "Kisha ukatuacha tumesimama."

Nikamwambia Serikali imelipokea.

"Mwanangu, kupokea ni kupokea. Nimeuliza lini, wewe umejibiwa chumvi." Akakoroga chai yake, ambayo nadhani haikuwa tena na sukari ya kukoroga. "Ungewaacha wapige kura. Tungeshindwa, najua. Lakini tungekuwa tumekataa, na mwakani tungeanzia hapo. Sasa mwakani utaanzia wapi? Umeshasema umeridhika."

Nililipa chai yangu bila kuinywa.

Sasa njoo upande wa nyumbani, maana kule Dodoma ningekuwa nimefanya upumbavu tu, na wapumbavu tuko wengi. Kilichonifanya nishindwe kukutazama leo kilitokea hapa Mlalo.

Jioni ile watu walikuwa wamekusanyika dukani, redio imewekwa juu ya gunia la chumvi. Wewe ulikuwepo, ulikuwa mgongoni kwa baba yako. Mkanisikia nikieleza gogo, mkanisikia nikisema nashika shilingi, mkapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Waliosimama kuniunga mkono mkawasikia nao. Halafu ikafika saa mbili, redio ikahamia kwenye taarifa ya habari. Hivyo mnavyojua ninyi, mpaka leo, mimi nimesimama mle bungeni na shilingi mkononi. Jina la Mama Shilingi lilizaliwa usiku ule ule.

Mimi sikuwa na habari. Niliporudi kwa mapumziko, nikashukia Mombo, nikakuta watu wamenishukia kunipokea na majani mikononi wanaimba. Nikadhani wanapokea mbunge wao tu. Kufika hapa nyumbani, uwanja umejaa, na mbele kabisa amekaa Bibi Mwanaidi, ameshuka kutoka Kwengoto kwa miguu yake, na Tunu kando yake. Akanipa mkono, akanishika asiniachie, akasema kwa Kishambaa, polepole kama mtu anayeomba maji, "Tuonyeshe basi hiyo shilingi."

Nikacheka, nikifikiri ananitania. Hakuwa ananitania. Alidhani, na wengi pale walidhani, kwamba nimechukua shilingi ya kweli kutoka kwa Waziri, kama unavyomnyang'anya mtu kofia mpaka akulipe. Na watu wa kwetu hawakuwa wajinga, maana hata kwenye kesi zetu za mashamba, mzee wa ukoo hushika kitu cha mtu, jembe au panga, mpaka aliyekosa aje kukikomboa. Kwao lilikuwa jambo linaloeleweka kabisa. Waziri amewekewa dhamana. Sasa lazima aje.

Pale nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Niliirudisha, bibi. Ni maneno mawili, na moja ni la kumwita tu. Nikatazama uwanja ule wote, nikamtazama baba yako aliyekuwa amevaa kanzu yake ya Idi kwa ajili yangu, nikamtazama Tunu. Nikasema, "Ngoja nikailete."

Nikaingia chumbani. Kwenye kopo la vifungo la mama mkwe kulikuwa na sarafu za zamani ambazo watoto mlikuwa mkichezea. Nikachagua shilingi moja, nikaifuta kwa kanga ili ing'ae. Nilichukua muda kuifuta, Salha, ndiyo maana siwezi kusema nilipitiwa. Nikatoka nayo nikamwekea kiganjani.

Bibi Mwanaidi aliipeleka karibu na macho, akaibusu, akaipitisha watu waishike mmoja mmoja. Wewe uliishika ukakimbia nayo kuzunguka nyumba mpaka ukaitwa. Mwishoni akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu la kikongwe, akasema, "Hii nitaishika mimi. Wewe una mambo mengi." Akapanda nayo mlimani.

Nilijiambia ni mchezo usio na madhara, kikongwe kafurahi. Kila mtu anayedanganya ana kikongwe wake wa kumfurahisha.

Madhara yalikuja hivi. Diwani aliitisha mkutano, akapendekeza wazee wa Kwengoto wafanye ujumbe, waende wilayani, wakishindwa waende mkoani, wamuone mbunge wa jimbo na kamati, wapige kelele wenyewe. Lilikuwa wazo zuri na lilikuwa wakati wake. Bibi Mwanaidi akasimama. Akanyanyua pindo la kanga mbele ya mkutano. Akasema, "Ya nini kuhangaika na nauli? Waziri atakuja mwenyewe. Shilingi yake tunayo." Watu wakaona kweli. Ujumbe ukafa pale pale. Na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kile cha wageni waheshimiwa chenye kitambaa, nikatikisa kichwa kama mtu anayekubali hekima ya wakubwa.

Nilijaribu kujitoa. Mkutano wa Bunge uliofuata niliuliza swali la nyongeza juu ya masharti yale yale. Naibu Waziri akajibu kwa adabu kwamba jambo hilo lilishatolewa maelezo wakati wa bajeti, na kwamba mheshimiwa muuliza swali mwenyewe aliridhika akarudisha shilingi. Wakapiga makofi tena. Yule mzee wa Uluguru hakupiga. Baadaye muhula ukaisha, jina langu halikurudi, nikarudi kwenye viazi, na nikawa nikiitwa Mama Shilingi kila ninapokwenda kununua mafuta ya taa.

Tunu aliacha shule masika ya darasa la nne. Hakuanguka kwenye gogo wala hakufa, nisitie chumvi. Alichoka tu. Mama yake alichoka kumngojea jioni asijue kama amevuka. Uliniuliza, "Mama, Tunu mbona haji?" nikakuambia amehamia kwa shangazi yake. Hata huo nao ulikuwa uongo, nilikuwa nimeshazoea.

Bibi Mwanaidi alipofariki, wewe ulikuwa chuoni, umekuja likizo, kwa hiyo hiki ulikiona. Tunu alishuka na kipande cha kanga kilichokatwa, fundo halijafunguliwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Bibi alisema isipotee. Alisema Waziri akija asikose kitu chake." Ukalia, ukaniomba uitunze wewe, nikakupa. Ulidhani nalia kwa ajili ya msiba.

Baba yako anajua. Nilimwambia mwaka ule ule, tukiwa shambani. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, akasimama akasema, "Basi wape habari watu," akaanza tuta lingine. Hajalirudia tena. Leo ulipoinua ile shilingi alinitazama mara moja tu.

Ndiyo hayo. Wewe unakwenda kufundisha watoto Bunge ni nini, na kitabu kitakusaidia: kutunga sheria, kuisimamia Serikali, kupitisha bajeti. Vyote ni kweli. Sitaki ukawafundishe kwamba ni kichekesho kwa sababu mama yako alicheka. Chombo kile kilikuwa kizuri. Shilingi moja iliwahi kusimamisha wizara nzima ikasikiliza habari za gogo la Kwengoto, na sijui chombo kingine kinachoweza hivyo. Kilichopungua ni mimi, na kupungua kwangu kulidumu dakika chache tu, kisha nikatumia miaka kukuficheni hizo dakika. Ukiona barua ina maneno mengi ujue ni hizo.

Kama kuna kitu nimeokota humo, ni kidogo. Mtu akikuchekesha wakati unamdai, cheka kama huwezi kujizuia, lakini usiachie ulichoshika. Na watu wakikusifu kwa jambo ambalo hukulifanya, sema siku hiyo hiyo, hata kama wameshavaa kanzu. Kesho yake sifa hiyo inakuwa na mizizi.

Shilingi sijaigusa, iko kwenye kikoba chako ulikoiweka. Ukiiacha nitairudisha kwenye kopo la vifungo. Ukiitaka bado, ichukue, ila usiitundike ukutani bila hadithi yake yote, na ukisimulia usiishie pale redio ilipoishia.

Lipo moja limebaki, ndilo lililonikalisha hapa. Tunu ana mtoto. Yuko Kwengoto, darasa la pili, kwenye madarasa yale yale aliyoyabebea mawe Bibi Mwanaidi. Shule ingali shikizi. Januari ataanza kushuka. Na Tunu, kila ninaponunua mapeasi anayouza pale stendi Mombo, ananiongezea moja la bure, ananiuliza, "Mama Shilingi, Waziri hajaleta habari?" Nami humwambia tusubiri.

Nilifikiri nikuombe wewe umwambie, kesho basi likisimama. Nikaandika hata sentensi yake, nikaichana. Nimekwisha kumtuma mtoto wa mwenzangu kwenye njia mbaya, sitakutuma na wewe. Kesho nateremka nawe mpaka Mombo. Baba yako amekubali, amenitolea hata koti. Nitamwambia Tunu mbele ya wenzake wanaouza, wengi wao ni wa kwetu, ili habari ipande mlimani kabla sijapanda mimi. Nitamwambia Waziri haji, shilingi niliirudisha mwenyewe, na waitishe ule ujumbe ambao Bibi aliuzuia kwa kuniamini mimi. Wakinitaka niende nao, nitakwenda. Wasiponitaka, nauli ya mtu mmoja nitachanga.

Naogopa, Salha. Tunu ni mtu wa maneno ya kuchekesha, ulikaa naye dawati moja, unajua. Huenda akanihurumia, akanitania ili mambo yaishe, na watu wa Mombo wakaangua kicheko. Basi usipande basi upesi. Simama karibu yangu mpaka nimalize, na ukiniona naanza kucheka, nikanyage mguu.

Mama yako